Kinyonga Hakumwua Ng'ombe Wako



Kila mwaka mvua zinyeshapo vizuri na majani yakawa marefu kando ya nyua, huletwa afisini kwetu habari ya ng'ombe aliyekufa na tumbo limevimba. Mwenyewe hutuambia kwamba sababu anaijua: ng'ombe alimla kinyonga ndani ya majani. Wengine hawaji kuuliza dawa ya ng'ombe, waja kuuliza dawa ya kuwaua vinyonga. Yafaa niseme wazi tangu mwanzo kwamba kinyonga hana sumu. Hana meno ya sumu kama nyoka, hana mwiba kama nge, na mate yake hayadhuru mtu wala mnyama. Mkulima anayefyeka na kuchoma ua wake ili amwangamize kinyonga amepoteza ua, na ile sababu ya kweli iliyomwua ng'ombe wa kwanza bado yamngoja ng'ombe wa pili.

Mzee mmoja wa skimu yetu hapa Kinangop alikataa maneno haya nilipomwambia. "Karani," akasema, "wewe umesoma vitabu, lakini mimi nilichunga ng'ombe kabla hujazaliwa. Kinyonga nilimwona kwa macho yangu, amelala mfu chini ya ubavu wa ng'ombe."

"Nakuamini, mzee wangu," nikamjibu. "Lakini asubuhi ile ng'ombe alikula wapi?"

"Alikatika kamba, akaingia kwenye klova kando ya mto. Umande ulikuwa bado haujakauka."

Basi jibu lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe. Klova changa na lusani, hasa zikiwa na maji, zikiliwa kwa wingi na ng'ombe mwenye njaa, hufanya povu tumboni. Hewa hukwama ndani ya povu lile, ng'ombe hawezi kuitoa kwa kucheua, na tumbo hujaa, hasa upande wa kushoto, mpaka mapafu yabanwe akose pumzi. Anaweza kufa kwa muda mfupi sana. Naye kinyonga wa yule mzee alikuwa amelaliwa na ng'ombe, maskini, na wote wawili wakafa asubuhi moja.

Dawa ya jambo hili iko mkononi mwa mkulima. Mpe ng'ombe majani makavu ale kwanza, ndipo umwachie klova, na usimwachie kabla ya umande kukauka. Akianza kuvimba, msimamishe mahali ambapo miguu ya mbele iko juu kuliko ya nyuma, mnyweshe mafuta ya kupikia kwa uangalifu yasiingie mapafuni, na mtu mwingine akimbie kumwita daktari wa mifugo. Katika haya yote kinyonga hana kazi.

Sasa, kwa kuwa tumemtoa kizimbani, ni haki tumjue ni nani. Kinyonga aliye wengi katika nyua na nyasi zetu za juu ni yule mdogo mwenye kofia ya mfupa iliyoinuka nyuma ya kichwa, na chini ya kidevu ana miba laini iliyopangwa kama ndevu. Juu ya pua ana kinundu kidogo, si pembe. Mwenye pembe tatu ndefu ni ndugu yake mwingine, naye yuko pia katika sehemu nyingi za nchi za juu. Huyu wetu wataalamu humwita Trioceros hoehnelii. Jina hilo alipewa mwaka 1891 na mtaalamu wa Vienna aitwaye Steindachner, kwa kumheshimu Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria aliyepita nchi hii pamoja na Teleki katika miaka ya 1887 na 1888, wakafika mpaka ziwa ambalo leo twaliita Turkana. Babu zetu hawakungoja Mzungu apite ndipo wamjue kinyonga, lakini jina hilo la kitabuni ni lenye faida, maana mtu wa Japani na mtu wa Njabini wakilitaja wajua wanazungumza juu ya mnyama yule yule.

Makao yake ni nchi za juu za Kenya, na upande wa Uganda yuko katika mlima Elgon. Yuko Nyandarua, yuko Mlima Kenya, naye hupanda hata zaidi ya meta 3,000, mahali ambapo usiku maji huganda. Jambo hili ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Mjusi hana joto lake mwenyewe ndani ya mwili kama ng'ombe au mtu. Joto lake hulipata kwa jua. Wajusi walio wengi hupenda pwani na nchi kavu, ambako jiwe laweza kumchoma mtu mguu. Huyu amechagua kukaa katika baridi ile ile iunguzayo viazi vyetu kwa jalidi. Anaishije?

Kwanza, hutumia ngozi yake kama jiko. Mwangalie asubuhi jua linapochomoza. Atakuwa amepanda juu ya ua au juu ya fungu la nyasi, amejibana awe bapa kama jani, akaelekeza ubavu mmoja kwenye jua, na ubavu ule utauona umekuwa mweusi. Mkulima aliyewahi kuvaa shati jeusi wakati wa jua kali ajua sababu. Akisha pata joto la kumtosha, weusi huondoka, naye hurudi katika rangi ya kijani au ya kahawia iliyo na manjano, akaanza kazi.

Hapa nisahihishe neno moja linalosemwa sana, na hata katika siasa hutumiwa kuwatukana watu. Yasemekana kwamba kinyonga hubadili rangi ili afanane na kila kitu anachokikanyaga, na kwamba ukimweka juu ya kitambaa chekundu atakuwa mwekundu. Si kweli. Rangi yake ya kawaida yafanana na majani, na hiyo humsitiri vya kutosha. Akibadilika, aghalabu ni kwa sababu ya joto na baridi, au hofu, au hasira, au ili kuwaambia vinyonga wengine jambo fulani. Dume akikutana na dume mwenzake hujaza hewa, akang'aa rangi zote alizo nazo, akaachama kinywa. Jike mwenye mimba asiyemtaka dume hugeuka rangi kumwonya asimkaribie. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva walieleza namna inavyotendeka, wakimchunguza kinyonga wa Madagaska: ndani ya ngozi mna chembe zenye fuwele ndogo sana, na mnyama akizisogeza karibu-karibu au mbali-mbali, mwanga unaorudi hubadilika rangi. Basi mtu anayebadili maneno yake kila aketipo na watu wapya hastahili kuitwa kinyonga. Kinyonga huonyesha hasira yake waziwazi.

Pili, ulimi wake. Huu ni mrefu kupita mwili wake bila mkia, nao hukaa umekunjwa juu ya kijiti cha mfupa kilichomo kinywani. Kabla ya kuutupa, misuli hukaza nyuzi zilizo ndani ya ulimi kama mtoto avutavyo manati, kisha huziachia mara moja. Ncha ya ulimi ina ute mzito. Wataalamu walioupima mwaka 2016 waliona kwamba uzito wa kunata kwake ni kama mara 400 ya mate ya mtu. Panzi akiguswa hana njia ya kutoka.

Faida ya ile manati huonekana katika baridi. Misuli ya mjusi ikipoa huwa mizito, na mjusi wa kawaida akipata baridi hawezi kumfukuza nzi. Lakini manati haijali sana baridi, kwa kuwa nguvu yake imewekwa akiba katika nyuzi. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walimjaribu kinyonga wa Yemeni katika joto la digrii 35 na katika digrii 15. Waliona kwamba kuutupa ulimi kulipungua kidogo tu, ila kuurudisha kinywani ndiko kulikolegea sana, kwa sababu kurudisha ni kazi ya misuli mitupu. Yeye alikuwa kinyonga wa nchi nyingine, lakini ulimi wa vinyonga hutenda kazi kwa namna moja. Kwa hiyo huyu wetu wa Kinangop aweza kula asubuhi mapema, wakati wajusi wengine wangali wamelala chini ya mawe wakingojea jua.

Tatu, na hili wakulima wengi hawalijui: kinyonga huyu hatagi mayai. Huzaa. Vinyonga wa nchi za joto huchimba shimo wakafukia mayai, udongo ukayaatamia. Udongo wetu ni wa baridi mno. Yai likifukiwa hapa litapoa bure. Basi mama huyachukua tumboni miezi kadhaa, na kila siku huota jua kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto, akihama kutoka kivulini kwenda juani na kutoka juani kwenda kivulini kadiri joto linavyotakiwa. Siku ikifika hutembea juu ya tawi akimwacha mtoto mmoja mmoja, kila mmoja amefungwa katika ngozi nyembamba yenye kunata ishikayo jani. Mtoto huipasua ngozi hiyo, akajinyosha, akashika tawi, na papo hapo ni kinyonga kamili, mwenye macho yanayotazama huku na huku kila moja peke yake. Mama hamlishi wala hamngoji. Ukimwona jike mnene mwenye mwendo mzito uani mwako, ujue kwamba ukimpiga fimbo hukumwua mmoja.

Nawaomba walimu wa skimu zetu wawaonyeshe watoto miguu ya mnyama huyu. Mimi nilifundishwa ualimu kabla ya kuingia afisini, nami sijui somo la viumbe lililo rahisi kuliko hili, maana halihitaji chombo chochote. Vidole vitano vimegawanywa na kufungwa pamoja, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, mfano wa koleo. Mguu wa mbele una vitatu kwa ndani na viwili kwa nje. Mguu wa nyuma ni kinyume chake. Mkia nao hushika kama mkono wa tano, wala haukatiki ukaota tena kama mkia wa mjusi wa nyumbani. Waache watazame bila kumshika, kisha wamwache aende kwa mwendo wake ule wa kuyumba-yumba kama jani lipigwalo na upepo. Ni mwendo wa kujificha. Maadui zake hutafuta kitu kinachokwenda kwa mnyoko.

Najua hofu ya kinyonga haikuanza na ng'ombe. Katika hadithi za makabila mengi Mungu alimtuma kinyonga awaletee watu habari njema kwamba hawatakufa kabisa, naye akachelewa njiani, akagugumia maneno, mpaka mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya mauti. Sikusudii kuwadharau wazee waliotupa hadithi hiyo. Ni hadithi nzuri. Lakini yenyewe yasema kwamba kinyonga alibeba habari ya uzima. Sijui ni vipi tumemchukia yeye tukamsahau yule aliyeleta ile nyingine.

Sasa niseme neno juu ya mashamba, kwa kuwa hapo ndipo maisha ya mnyama huyu yatakapoamuliwa. Mashamba makubwa ya Wazungu yalipoanza kugawanywa kwa skimu mwaka 1962 na miaka iliyofuata, nchi hii ilikuwa nyasi tupu kwa sehemu kubwa, zile nyasi ngumu ziotazo kwa mafungu. Tumelima, tumepanda viazi na kabichi, tumepanda mikaratusi. Kuna viumbe waliopata hasara kubwa kwa hayo. Yuko ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, ambaye Waingereza walimpa jina la Sharpe; hakuna nchi nyingine duniani alimo ila Kenya, na Kinangop ndiyo ngome yake kubwa. Huyo hawezi kukaa uani wala mitini. Hutaka nyasi pana za mafungu, na palipolimwa ameondoka. Habari yake ni nzito, nayo yahitaji makala yake peke yake.

Kinyonga si mgumu kama ndege huyo. Yeye hutosheka na nyasi ndefu, kichaka, au ua. Na sisi tulipogawa shamba moja kuwa mashamba mengi, tulifanya mipaka mingi, na kila mpaka uliopandwa miti hai ulikuwa kama barabara na nyumba kwake. Kwa maoni yangu hakuna mnyama wa porini aliyekuwa tayari kukaa na mkulima mdogo kuliko huyu. Hali mahindi, hachimbi viazi, hachukui vifaranga. Hataki atengewe ekari. Ataka mkanda wa majani wenye upana wa hatua moja au mbili.

Hata mkanda huo tunamnyang'anya. Wakulima wang'oa ua wakaweka nguzo na seng'enge, na kulima mpaka chini ya waya. Nawaelewa, ardhi imekuwa ndogo, na baba mwenye wana watatu huhesabu kila mtaro. Lakini seng'enge haizuii upepo wala haishiki udongo, na haitoi kuni. Tena yule ndege mweusi na mweupe akaaye juu ya nguzo akitazama chini hufurahi, maana huwala wajusi wadogo, na waya zenye miiba ni mahali pake pa kutundikia nyama. Wengine hunyunyizia ua dawa ile ile ya viazi iliyobaki katika bomba, ati isipotee bure. Dawa hiyo huua wadudu, na kinyonga akiwala hao akala na sumu. Pima dawa ya kutosha shamba lako tu, na soma maandishi ya kibandiko kabla ya kuchanganya.

Sitawadanganya kwamba kinyonga atawaondolea viwavi. Hula panzi, nzi, viwavi na mende kila siku, lakini ulimi mmoja hauwezi kulinda ekari ya kabichi, naye hula hata nyuki akiwapata. Mtu akitaka kuniuliza, "Atanipa shilingi ngapi?" sina hesabu ya kumpa. Namwambia tu kwamba kumwacha hakumgharimu chochote, na kwamba ua utakaomtunza yeye ni ule ule utakaokuzuilia upepo usilaze ngano yako.

Kuna shilingi nyingine ambazo si halali, nazo yafaa nizitaje kwa ufupi. Wageni huweza kuja wakiwaahidi watoto fedha kwa kila kinyonga, ili wakawauze ng'ambo kama wanyama wa kufugwa. Tangu mwaka 1977 biashara ya vinyonga kati ya nchi na nchi ina mipaka ya mapatano ya mataifa, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hukataza kuwauza bila kibali. Yule ndugu mwenye pembe tatu alipelekwa Hawaii kutoka Kenya mwaka 1972, akatoroka na kuzaana huko, na leo huwala konokono wadogo wa visiwa vile wasiopatikana mahali pengine. Mgeni wa namna hiyo akifika shambani, habari yake ipelekwe kwa chifu.

Kwa wale walio na nyua za kupunguza kabla ya mvua zijazo, kazi yaweza kufanywa bila kuwaua. Usikate pande zote mbili kwa siku moja. Kata upande mmoja, na wa pili ungoje mpaka wa kwanza uchipue. Anza baada ya saa nne, jua likiwa kali, kwa sababu kinyonga mwenye baridi hawezi kuukimbia upanga. Ukitaka kujua wanakokaa, pita usiku uliotangulia na tochi: hulala kwenye ncha za matawi membamba na rangi yake hufifia ikawa nyeupe-nyeupe, nawe utawahesabu kwa urahisi kuliko mchana. Matawi uliyokata yalaze kando ya ua siku mbili tatu, yasichomwe siku ile ile, ili waliobaki ndani yake wapate kushuka na kuvuka kwenda upande uliobaki mzima.